Mwenzako yuko CRB: hatua za kuchukua kabla na baada ya ndoa

Kwa miaka kadhaa nilikaa kwenye kamati ya mikopo ya Sacco moja ya wafanyakazi hapa Kenya, na fomu zilizonisumbua zaidi hazikuwa za watu wenye mshahara mdogo. Zilikuwa za maharusi wapya. Mtu anakuja na pete ambayo bado inang'aa, anataka mkopo wa kununua kiwanja Kitengela au Joska, na mdhamini wa kwanza aliyemwandika ni mwenzake wa ndoa. Sacco yetu ilikuwa inakagua hata wadhamini. Fomu inarudi: mdhamini huyu hafai, tafuta mwingine. "Hafai kwa nini?" Hatuwezi kumwambia, ni siri ya mtu. Tunamwambia, "Muulize mwenyewe nyumbani." Nimeona nyuso nyingi zikibadilika kwa jibu hilo.

Kabla ya hatua zenyewe, tuondoe hofu moja. Jina la mumeo likiwa CRB (mashirika yanayotunza taarifa za mikopo) kwa deni asilolipa, lako haliingii humo kwa sababu ya ndoa. Faili ya mikopo inafuata namba ya kitambulisho, haifuati cheti cha ndoa. Hakuna faili ya familia. Mfunge kanisani, kwa kadhi, ofisi ya Mwanasheria Mkuu au kimila, kila mmoja anabaki na rekodi yake. Lakini pesa za nyumba moja zinakula sahani moja, na hapo ndipo deni la mmoja linapoanza kula chakula cha wawili.

Hatua ya 1: Kila mmoja aitishe ripoti yake, na si moja tu

Benki Kuu ya Kenya imeyapa leseni mashirika matatu ya taarifa za mikopo: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Watu wengi huangalia moja, wakikuta pasafi wanatulia. Ni kosa. Mkopeshaji anaweza kuwa amepeleka taarifa kwa shirika moja na nyingine haina habari. Itisheni zote tatu. Sheria inakupa haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila shirika, kwa hiyo hapa hakuna kisingizio cha gharama. Tovuti zao zinaeleza jinsi ya kujisajili, na Metropol ina huduma ya simu kwa *433#.

Kila mtu aitishe ya kwake kwa mkono wake. Usichukue kitambulisho cha mchumba wako ukamwitishia kwa siri. Kwanza, taarifa hizo ni zake na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda. Pili, ukishaanza ndoa kwa kupekua, mwenzako atajifunza kuficha vizuri zaidi.

Ripoti ikifika, msikimbilie alama. Metropol hupima kati ya 200 na 900, na watu huitazama namba hiyo kama matokeo ya mtihani wa taifa. Someni mistari ya chini: ni mkopo gani, ulichukuliwa lini, salio ni kiasi gani, umechelewa siku ngapi. Mkopo usiolipwa kwa siku 90 huhesabiwa kuwa umelala, na huo ndio unaochafua jina. Tangu 2020, deni lisilofika Sh1,000 halifai kumfanya mtu aorodheshwe kama mkaidi. Ukiona kideni cha Sh600 cha mwaka juzi kimekuandikia jina jeusi, pinga. Pinga pia mkopo usioujua, maana wako waliotumiwa kitambulisho chao na binamu. Malalamiko hupelekwa kwa shirika lenyewe kwa maandishi, nalo lina wajibu wa kuchunguza na mkopeshaji. Mkopeshaji pia alipaswa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka taarifa mbaya. Kama hukuipata, liandike hilo kwenye barua.

Hatua ya 2: Wekeni mezani kabla ya kamati ya harusi kukutana

Wakati mzuri wa mazungumzo haya ni kabla ya mahari kupelekwa, kwa sababu ya kawaida kabisa: mahari na harusi ndivyo vinavyozaa madeni mapya. Kijana anakopa kwenye apu mbili za mikopo ya simu kulipa mbuzi, anaongeza Sacco kulipia tenti, na bibi harusi naye anakopa chamani kununua magauni ya wasimamizi. Wiki ya tatu ya ndoa mchango umeisha na simu za wadai zimeanza.

Aliye na deni dogo aanze. "Mimi nina HELB ya elfu themanini na Fuliza ya elfu tatu, wewe je?" ni rahisi kujibiwa kuliko "Hebu niambie unadaiwa na nani." (HELB ni bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu; Fuliza ni mkopo mdogo wa M-Pesa pale salio lisipotosha.) Mkae na ripoti mikononi, mchore mistari minne kwenye daftari: jina la mdai, kiasi kilichokopwa, kinachodaiwa sasa, na tarehe ya mwisho kulipa chochote. Ongezeni na yale yasiyofika CRB: deni la shangazi, la duka la jirani, la chama, la shailoki (mkopeshaji binafsi wa riba kubwa). CRB haiyaoni hayo lakini bajeti yenu itayaona.

Mtu akikataa kabisa kuonyesha ripoti yake, hiyo nayo ni taarifa. Sisemi uvunje uchumba. Nasema usitie sahihi popote kwa ajili yake mpaka uione.

Hatua ya 3: Jueni deni lipi ni la mtu na lipi ni la nyumba

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 10, inalisema hili wazi. Deni ambalo mtu aliingia nalo kwenye ndoa, linalohusu mali fulani, linabaki lake. Lakini mali hiyo ikigeuka kuwa mali ya ndoa, deni lake linagawanywa sawa kati yenu isipokuwa mkubaliane vingine. Na deni lililochukuliwa ndani ya ndoa kwa faida ya ndoa ni lenu wote wawili, hata kama sahihi ni moja.

Tuseme mume alinunua kiwanja kwa mkopo kabla hamjajuana. Mkioana na kujenga nyumba yenu ya kuishi hapo, usidhani salio la mkopo ule ni "lake huko". Kwa upande mwingine, mikopo ya simu aliyotumia kubashiri mechi mwaka wa kabla ya harusi haikuhusu, hata mdai akikupigia kwa lugha gani.

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 6, inawaruhusu wachumba kuandikiana mkataba wa mali kabla ya ndoa. Wakenya wengi huusikia mkataba huo wakadhani ni mambo ya matajiri wanaojiandaa kuachana. Kwa mtu anayeoa au kuolewa na mwenye madeni mazito, ni karatasi ya busara kabisa: inasema kipi kilikuwa cha nani na deni lipi linabaki kwa nani. Kwa Waislamu, sheria hii inawaruhusu kufuata sharia katika mali ya ndoa, na huko mali ya mke ni ya mke tangu mwanzo. Deni la mume halimgusi, ingawa wote wanajua kwamba mmoja akifariki, deni lake hulipwa kutoka mali aliyoiacha kabla warithi hawajagawana.

Hatua ya 4: Lipeni kwa mpangilio, si kwa anayepiga kelele

Mkopeshaji wa apu hupiga simu mara tano kwa siku. HELB iko kimya. Kwa hiyo watu hulipa apu na kuisahau HELB, kumbe HELB hutoza faini ya Sh5,000 kwa kila mwezi wa kukaidi na jina linakwenda CRB vilevile. Miaka miwili ya kimya ni Sh120,000 za faini tupu, pengine zaidi ya mkopo wenyewe. HELB imewahi kutangaza msamaha wa faini kwa wanaolipa salio lote kwa mkupuo. Kama mna akiba au zawadi za harusi zimebaki, ulizeni kama kuna msamaha wakati huo kabla ya kununua kochi.

Mpangilio ninaoupenda mimi ni huu. Kwanza, deni linalokua kwa faini au ada ya kila siku. Pili, vile vidogo viwili vitatu vya apu vinavyoweza kumalizwa ndani ya miezi miwili, maana kila kimoja ni mstari mweusi unaojitegemea kwenye ripoti. Tatu, mkopo mkubwa wa benki uliolala, ambao huo mtaujadili.

Kwenye mkopo wa benki kuna silaha ambayo wengi hawaijui. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo ukishalala, riba inayoweza kudaiwa haiwezi kuzidi kiasi cha msingi kilichokuwa kimebaki siku hiyo. Kama mkopo ulilala ukiwa na Sh150,000, benki inaweza kudai hiyo, riba isiyozidi Sh150,000 nyingine, na gharama za ufuatiliaji. Nimeona barua zinazodai mara nne ya msingi. Nendeni na hesabu hiyo mkononi, mpendekeze kiasi mnachoweza kulipa kila mwezi, na makubaliano yaandikwe. Usilipe hata shilingi kwa mtu wa ukusanyaji madeni kupitia namba yake binafsi. Lipa kwenye paybill au akaunti ya mkopeshaji, na utunze ujumbe wa M-Pesa.

Mkimaliza, itisheni barua ya kumaliza deni. Msitarajie mstari ufutike siku hiyo. Rekodi ya mkopo uliolala hukaa miaka 5 tangu ulipwe, ila sasa inasoma kwamba umelipwa, na hilo ni jambo tofauti kabisa machoni pa afisa wa mikopo.

Neno kuhusu Fuliza, kwa sababu inavuruga nyumba nyingi kimya kimya. Mwenzako akiwa na deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia kwenye M-Pesa yake inakatwa kwanza kulipa deni hilo. Unamtumia Sh2,000 za unga na mboga, anapata mia nane, mnagombana kuhusu mboga. Mpaka deni liishe, lipa kodi moja kwa moja kwa paybill ya mwenye nyumba, na dukani lipa kwa till mwenyewe.

Hatua ya 5: Amueni mkopo utakuwa kwa jina la nani

Hapa ndipo wanandoa wengi wanafanya uamuzi kwa dakika tano na kuishi nao kwa miaka kumi.

Mkiomba mkopo pamoja, mkopeshaji anatazama faili zote mbili, na ile mbaya inavuta chini ile nzuri. Tangu ukomo wa riba ulipoondolewa Novemba 2019, benki zimekuwa zikielekea kumpangia kila mkopaji riba kulingana na hatari yake, kwa hiyo hata msipokataliwa mnaweza kupewa kwa bei ya juu. Na mkopo wa pamoja unaandikwa kwenye faili zote mbili. Mmoja asipolipa, mwingine anaweza kudaiwa wote, si nusu.

Basi wengi husema: aliye safi akope peke yake. Ni sawa, lakini piga hesabu mbili.

Ya kwanza ni ya mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kuzidi theluthi mbili za mshahara. Mke anayepata Sh60,000 lazima abaki na angalau Sh20,000 mkononi, baada ya kodi, michango ya lazima na mikopo yote. Akishakopa kiwanja, akakopa na gari la biashara ya mume, nafasi imekwisha. Mtoto akiugua, hakuna wa kukopa: mmoja yuko CRB na mwingine amefika ukingoni. Nimeliona hili likitokea mara nyingi kuliko talaka. Jina safi ni mali, lakini ni mali ndogo. Litumieni kwa kitu kimoja kikubwa, si kwa kila kitu.

Ya pili ni ya umiliki. Aliye safi amekopa, kiwanja kimeandikwa jina lake, lakini aliye CRB ndiye aliyekuwa akilipa kodi ya nyumba, chakula na karo ili mkopo uweze kukatwa. Miaka minane baadaye wakikosana, nani anamiliki nini? Sheria inasema mali iliyonunuliwa ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ameishikilia kwa niaba ya mwenzake pia, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Mahakama ya Juu mwaka 2023 ilisisitiza kwamba hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja, kila mtu anaonyesha mchango wake. Mchango si pesa tu. Kulea watoto, kazi za nyumbani na kulima shamba vinahesabiwa. Hata hivyo, kwenye kesi, karatasi huongea kwa sauti kubwa kuliko kumbukumbu. Kwa hiyo aliye CRB atunze taarifa zake za M-Pesa na risiti za karo. Na muandike karatasi moja ya makubaliano: mkopo ni wa jina la fulani kwa sababu hii, analipa nani nini, kiwanja ni cha nani. Mtie sahihi mbele ya wakili kama mnaweza.

Msiandike mali kwa jina la aliye safi kwa nia ya kumkwepa mdai. Mali iliyohamishwa kwa hila ya kumkimbia mdai inaweza kurudishwa na mahakama, na hapo mtakuwa mmepoteza mali na heshima pamoja.

Hatua ya 6: Kuwa mchoyo wa sahihi yako

Mlango mkubwa ambao deni la mwenzako hupitia mpaka kwenye faili yako ni dhamana. Ukimdhamini Sacco, akiba yako inafungwa, na akishindwa unakatwa wewe. Ukishindwa kumlipia, nawe unaweza kuorodheshwa. Mdhamini kwa kiasi ambacho uko tayari kukilipa wewe mwenyewe siku ya kesho asubuhi. Kama huwezi, mwambie hivyo nyumbani, usimwambie mbele ya kamati.

Sahihi ya pili ni ya nyumba. Mume au mke hawezi kuweka rehani nyumba mnayoishi bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 79, inaitaka ridhaa hiyo, na ndiyo maana benki inakuita ofisini utie sahihi fomu unayoiona kama ya desturi tu. Si ya desturi. Ukitia sahihi, umekubali kwamba biashara ikianguka nyumba inaweza kupigwa mnada. Mwombe afisa akupe fomu uende nayo usiku mmoja. Akikuharakisha, kuna sababu.

Hatua ya 7: Mdai akikupigia wewe, au dalali akigonga

Kama si mdhamini wala mkopaji mwenza, huna deni. Kanuni za mikopo ya kidijitali za 2022 zinakataza wakopeshaji kutisha watu, kutukana, au kuwapigia watu waliomo kwenye simu ya mkopaji. Jibu fupi linatosha: "Mimi si mdhamini wa mkopo huu, usinipigie tena." Hifadhi rekodi ya simu na ujumbe. Malalamiko yanaweza kupelekwa Benki Kuu au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Usilipe "kidogo tu watulie". Hawatatulia, watajua kwamba unalipa.

Dalali ni habari nyingine. Mdai akipata hukumu dhidi ya mumeo, dalali anaweza kufika nyumbani na kuorodhesha vitu, na hatauliza friji ni ya nani. Mwenye friji ana haki ya kuweka pingamizi mahakamani kwamba mali hiyo si ya mdaiwa. Lakini atatakiwa aonyeshe. Wanawake wengi wamenunua fanicha zote za nyumba kwa pesa zao za chama na hawana hata karatasi moja. Risiti ziandikwe jina la aliyenunua, kitambulisho kikiwezekana, na zipigwe picha zitumwe kwenye barua pepe yako, kwa sababu risiti za duka hufifia rangi ndani ya mwaka.

Kurudi kwenye ripoti

Mkopo wa mwisho ukilipwa, subirini kama mwezi mmoja hivi mkopeshaji apeleke taarifa mpya, kisha mwitishe tena ripoti zote tatu. Pakiwa na mstari ambao bado unasoma deni, pelekeni barua ya kumaliza deni kwa mkopeshaji na kwa shirika, na mbaki na nakala. Kisha aliyekuwa na jina baya aanze kujenga upya kwa kitu kidogo: mkopo wa Sacco ulio chini ya akiba yake mwenyewe, usiohitaji mdhamini, anaoulipa kabla ya tarehe kwa miezi 6 au 12. Mwanachama wetu mmoja alianza na mkopo wa Sh15,000 huku akiba yake ikiwa Sh40,000. Kamati nzima ilicheka kidogo, mtu anakopa pesa zake mwenyewe. Mwaka uliofuata mkewe alipoleta fomu ya kiwanja, jina la mdhamini wa kwanza lilikuwa lake, na safari hii fomu haikurudi.